Mifuko ya Mchanga na Haki ya Jirani

Jamaa zangu mlioko Maskati, Dubai, London na kwengineko,

Wengi mmeniuliza vipi barua za wazee wetu zilisalimika pale kimbunga Shaheen kilipoipiga pwani ya Batinah, tarehe 3 Oktoba 2021. Jibu langu ni kwamba zilisalimika kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, kisha kwa mifuko ya mchanga.

Tangu kimbunga Gonu cha Juni 2007, sisi wakaazi wa Oman tunajua kuwa nchi kame haikosi gharika. Ardhi ngumu hainywi maji upesi. Mvua ikishuka milimani, wadi kavu hugeuka mto kwa muda mfupi.

Mfuko haujazwi ukafura kama gunia la karafuu. Hutiwa mchanga nusu yake au zaidi kidogo, ili ulale na kujibana na mwenziwe. Mdomo hukunjwa chini, na safu ya juu hupandana na ya chini kama matofali, pasiwe na viungo vinavyofuatana. Kitako cha ukuta huwa kipana kuliko kichwa chake, na upande wa maji hutandikwa karatasi ya nailoni. Hata hivyo maji hupenya. Kazi ya ukuta ni kuyapunguza na kuyachelewesha. Tundu la maji machafu bafuni nalo huzibwa kwa mfuko, maana maji hupanda kutoka chini pia.

Vijana wetu walianza kuuzungushia ukuta mlango wetu peke yake. Nikawazuia. Mfuko wa mchanga hauyamezi maji, huyageuza njia tu. Na chini yetu palikuwa na nyumba ya mjane mmoja, kongwe na yenye kizingiti kifupi. Fiqihi tuliyosomeshwa utotoni haimruhusu mtu kujiondolea madhara kwa kumtwisha mwenziwe. Vijana walinung'unika kuwa mifuko haitoshi, na kweli haikutosha. Tukaupunguza ukuta wetu safu mbili, tukauendeleza hadi kwake, majirani wakatuongezea mifuko yao.

Usiku ule maji yaliingia kwetu, yakafika kifundo cha mguu. Mazulia yaliharibika. Kwa yule mama yaliingia kiasi hicho hicho, naye alilala salama juu ya kitanda chake. Sanduku la barua, zile za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu kutoka Unguja, lilikuwa juu ya kabati, kavu. Mchanga tuliutupa wote, kwa kuwa ulikwisha kuchanganyika na uchafu.

Basi nakuombeni: kila mwenye barua ya mzee aipige picha na kuituma kwa jamaa wawili walio nchi nyingine. Ukuta wa mchanga huchelewesha maji kwa usiku mmoja. Nakala iliyo mbali haifikiwi na wadi.