Asiye na Kauli Awe na Mlango

Wiki hii twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo miaka 20 iliyopita halikuwa na nafasi katika baraza zetu, nalo ni hisa za makampuni ya Marekani. Leo vijana wetu, walioko ughaibuni na walioko hapa Mombasa, wanazinunua kwa simu, na wazazi wanaombwa kutia humo akiba ya umri wao.

Aliyetufikirisha ni mama mmoja wa mtaani kwetu, mjane. Mwanawe aliye Marekani alimshauri atie fedha za mirathi katika kampuni moja kubwa ya mitandao. Sehemu ya fedha hizo ilikuwa haki yake, na sehemu ilikuwa ya watoto wake wawili ambao hawajabaleghe. Alikuja na bintiye baada ya Alasiri, na hakuuliza atapata faida kiasi gani. Aliuliza, "Sheikh, nikishatoa hizi fedha, nami nitakuwa na kauli humo?" Tukamwomba muda wa kusoma, kwani swali lile lilistahili jibu la uhakika.

Wengi wetu hapa Kenya tulianza kuijua habari ya hisa mwaka 2008, Serikali ilipouza sokoni asilimia 25 ya Safaricom kwa shilingi 5 kila hisa. Kanuni tuliyoizoea ni kwamba kila hisa ina kura moja. Mwenye hisa 1,000 hawezi kumshinda mwenye mamilioni, lakini hisa yake moja ina uzito sawa na hisa moja ya yule mkubwa. Huo ni uchache, nao hauna lawama. Mwenye mtaji mdogo huwa na sauti ndogo.

Yako makampuni, hata hivyo, ambayo hisa zake zimegawanywa katika daraja mbili au zaidi. Daraja moja huuzwa kwa umma, nayo ina kura moja au haina kura kabisa. Daraja nyingine hubaki kwa waasisi, na aghalabu kila hisa yake ina kura 10. Tufanye hesabu ndogo. Kampuni ina hisa 100. Muasisi anazo 10, na watu wengine wanazo 90. Kura za muasisi ni 100, na kura za wengine wote kwa pamoja ni 90. Ametoa sehemu moja tu katika kumi ya mtaji, lakini hakuna mkutano mkuu utakaomshinda, hata wote waliosalia wakisema kwa kinywa kimoja. Hapa kuna zaidi ya uchache; kura yenyewe imefanywa nyonge.

Mfano wa kale ni Ford, iliyoingia sokoni mwaka 1956. Familia ya muasisi ina takriban asilimia 2 tu ya hisa zote, lakini imehifadhiwa asilimia 40 ya kura. Google iliingia mwaka 2004 kwa mpango wa kura 10 kwa moja, na mwaka 2014 ikaongeza daraja la tatu lisilo na kura. Facebook ilifuata njia hiyo hiyo mwaka 2012, na Mark Zuckerberg bado ameshika zaidi ya nusu ya kura. Mwaka 2017 Snap iliuza kwa umma hisa zisizo na kura hata moja, na wanunuzi hawakukosekana.

Insafu yatulazimu kutaja hoja ya waasisi. Wao husema kwamba soko lina pupa, hutaka faida kila baada ya miezi mitatu, ilhali kazi kubwa yahitaji miaka. Nahodha anayeamriwa na kila abiria hafiki bandarini. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na wako walionunua hisa hizo wakapata faida kubwa. Lakini nahodha aliyejifunga kwenye usukani hataondoka hata siku macho yake yatakapofifia, na huenda akamrithisha mwanawe usukani huo, awe ameujua au hakuujua.

Je, sheria yetu yasemaje? Mwaka 1992 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Jeddah na kulitazama suala la hisa. Lilikataza hisa zinazompa mwenyewe upendeleo katika mali, kama kudhaminiwa mtaji wake au kutangulizwa mbele ya wenzake wakati wa kugawa faida. Lakini liliruhusu baadhi ya hisa zipewe upendeleo katika mambo ya utaratibu na uendeshaji. Basi maadamu biashara yenyewe ni ya halali, tofauti ya kura peke yake haiharamishi hisa.

Wala jambo hili si geni katika vitabu tulivyosomeshwa. Katika kiradhi, mwenye mali hutoa mtaji na mwenzake hufanya kazi; mwenye mali haingilii uendeshaji wa kila siku. Hana kauli, lakini ana mlango. Mkataba ule si wa kumfunga mtu: kila mmoja wao aweza kuuvunja, mali ikakusanywa na hesabu ikafanywa. Mafakihi walijua kwamba asiye na kauli asipopewa na mlango huwa mateka wa mwenzake.

Mwanahisa mdogo wa leo hawezi kuidai kampuni mtaji wake. Mlango wake ni kumuuzia mtu mwingine, kwa bei ya siku hiyo. Na siku mambo yakiharibika, wote huukimbilia mlango huo huo kwa pamoja. Mlango wa pili ni mahakama. Mwaka 2016 Facebook ilikusudia kutoa hisa zisizo na kura ili muasisi aweze kuzigawa hisa zake bila kupoteza mamlaka. Wanahisa walishtaki, na Septemba 2017, siku chache kabla ya kesi kusikizwa, kampuni iliuacha mpango huo. Lakini ni nani kati yetu atakayesafiri hadi mahakama ya Delaware kwa ajili ya hisa 20?

Nguvu kubwa ya mnyonge, basi, ni kabla hajatoa fedha yake. Mwaka 2019 WeWork ilitaka kuingia sokoni huku muasisi akiwa na kura 20 kwa kila hisa. Wenye fedha walisita. Kura zile zikapunguzwa hadi 10, kisha 3, muasisi akaachia uongozi, na mwisho uuzaji wenyewe ukasitishwa. Mkono uliokuwa haujafunguka ndio uliosikizwa.

Tulimjibu yule mama kwamba katika haki yake ana hiari, atie kiasi ambacho hatakihitaji karibuni. Ama mali ya watoto, tulimshauri asiitie humo. Mlezi wa yatima ni mwenye amana, na si vyema kuiweka amana mahali ambapo yeye hana kauli na mlango wake hauna uhakika. Mwanawe alikasirika kidogo, kisha akaelewa.

Nanyi, kabla ya kununua, usomeni waraka wa mauzo, au mumpe kijana awasomee. Ulizeni: hisa hii ina kura ngapi, na ya muasisi ina ngapi? Upendeleo huo una ukomo wa miaka, au ni wa milele? Akifa, kura zile zamwendea nani? Naye akitaka kubadilisha masharti, ni nani awezaye kumzuia? Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari la hisa husomwa kabla ya kutia mkono mfukoni.

Allah atubarikie katika chumo la halali, na awahifadhie mayatima mali zao. Wallahu aalam.