Sahani ya Kiti cha 31C

Neno "fidia" hapa Endarasha lina tembo ndani yake. Uzio wa umeme unaozunguka Aberdare, karibu kilomita 400, ulikamilika mwaka 2009, na kabla yake watu wa Kieni walikesha wakigonga mabati ili kuokoa kabichi na viazi. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ilitaja hata viwango: shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa, milioni 3 kwa aliyejeruhiwa akabaki na ulemavu wa kudumu. Lakini jirani zangu kadhaa walijaza fomu, wakasubiri hadi wakaona haya kuendelea kuulizia. Kwa hiyo niliporudi kutoka Marekani na kovu juu ya jicho, nikasema nitalidai shirika la ndege fidia kwa sababu ya sahani ya chakula, walinitazama kama mtu ambaye bado hajapona.

Nina kisukari, mwaka wa kumi na sita sasa. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na ninalima viazi vya shangi. Februari 2025 binti yangu alijifungua kule Massachusetts, akanikatia tiketi ya kwenda na kurudi. Papo hapo akaniombea chakula cha wagonjwa wa sukari. Mashirika ya ndege yana alama ya herufi nne kwa kila chakula maalum, na hiki huandikwa DBML. Niliziona herufi hizo kwenye karatasi ya tiketi nikiwa ndani ya matatu, kabla hatujafika Mweiga, nikatulia.

Asiyetumia insulini anaweza kuona sahani iliyopotea ni jambo dogo. Insulini ya haraka hudungwa chakula kikiwa karibu kufika mezani. Ikishaingia mwilini inaanza kazi ya kuondoa sukari kwenye damu, uwe umekula au hujala. Hairudishwi. Tangu unapochomoa sindano, unategemea kwamba aliyekuahidi chakula atakileta.

Ndege ilikuwa bado haijaondoka mhudumu aliponijia. Kulikuwa na mama mwenye mtoto mchanga kwenye safu yangu, na mumewe alikuwa amewekwa nyuma kabisa. Je, ningekubali kumpisha? Nilikuwa 31C, nikahamia 44E. Hata leo ningekubali. Mhudumu akaniambia mkoba wangu niuache kabatini juu ya safu ile ya kwanza, kwa sababu huko nyuma makabati yalikuwa yamejaa. Kifuko cha dawa na mashine ya kupimia sukari nilikuwa nacho shingoni. Peremende zangu, ambazo mgonjwa wa sukari hutembea nazo kwa ajili ya dharura, zilibaki kwenye mkoba.

Chakula maalum hupelekwa kwanza, kabla mikokoteni haijaanza kupita. Nilipoona sahani za kwanza zikitolewa nilimwuliza mhudumu kuhusu yangu. "Inakuja sasa hivi, Mama." Nikajidunga. Nikangoja. Ndege ikaingia kwenye msukosuko wa hewa, taa ya mikanda ikawaka, huduma ikasimamishwa na wahudumu wakaketi. Walipoinuka nilibonyeza kitufe. Aliyekuja alitazama orodha yake akasema nimeshahudumiwa.

Sikuwa nimehudumiwa. Sahani yangu ilikuwa na kibandiko cha namba ya kiti, 31C, na ilikuwa imepelekwa palepale ilipoandikwa. Yule baba aliyeketi pale aliipokea akala, bila kosa lolote.

Nikabaki nikieleza, na kueleza kwenyewe kukaanza kuwa kugumu. Kiingereza nilichofundisha miaka thelathini kilikuwa kinanitoroka. Mikono ikatetemeka, jasho likanitoka kwa wingi kama niliyenyeshewa. Mhudumu alisema anakwenda kuona anachoweza kupata. Nikapima: 2.6. Chini ya 4 tayari ni hatari. Nikaamka kufuata peremende zangu, safu kumi na tatu mbele, na sikufika. Ninachokumbuka ni ladha ya maji ya chungwa, mkono wa msichana nisiyemjua nyuma ya shingo yangu, na damu kwenye sweta nililolifuma mwenyewe kwa ajili ya kumwona mjukuu. Nilikuwa nimegonga mkono wa kiti kwa paji la uso. Miwani ilivunjika.

Kwenye uwanja wa kubadilishia ndege nilishonwa nyuzi sita. Ndege ya pili iliniacha. Nililala hotelini kwa gharama ya binti yangu, naye akalipa hospitali kwa kadi yake, huku mtoto wake akiwa na siku kumi na moja.

Barua yangu ya kwanza kwa shirika niliiandika nikiwa bado kwake. Jibu lilikuja baada ya wiki saba: samahani kwa usumbufu, na pointi za safari zitakazokwisha baada ya mwaka mmoja. Niliisoma barua hiyo jikoni kwangu Endarasha, mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha, nikaikumbuka lumbesa. Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Hata hivyo dalali huja na gunia lililoongezewa kilemba juu, akalipa bei ya gunia moja, na mkulima hukubali kwa kuwa viazi havingoji. Mwenye kuumizwa naye huwa na haraka ya kusahau. Nikaona wanataka kunipimia kwa gunia lao. Nikazikataa zile pointi kwa maandishi.

Mtoto wa kaka yangu ni karani kwa wakili mjini Nyeri. "Tata," aliniambia, yaani shangazi, "usiwaandikie kuhusu chakula. Andika kuhusu jeraha." Akanieleza Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake. Kanuni za Ulaya ambazo watu huzitaja sana zinahusu ndege iliyochelewa, iliyofutwa au abiria aliyekataliwa kupanda, wala hazina neno kuhusu sahani. Lakini Montreal, kifungu cha 17, inalibebesha shirika wajibu wa jeraha la mwili lililotokana na ajali ndani ya ndege. Mpaka kiwango fulani, ambacho tangu mwisho wa Desemba 2024 ni SDR 151,880, mizani ya fedha inayotumiwa na IMF, shirika haliwezi kujitetea kwa kusema halikuzembea. Kinachoweza kupunguza malipo ni uzembe wa abiria mwenyewe. Tena, kwa kuwa tiketi yangu ilikuwa ya kwenda na kurudi, mwisho wa safari kisheria ni Nairobi, na mahakama za Kenya zina mamlaka. Muda ni miaka miwili, basi.

Kuna jambo moja katika mkataba huo ambalo bado linaniuma. Hofu haihesabiwi. Ule muda nilioongea na watu wasinielewe, aibu ya kulala chini kati ya miguu ya wageni, usiku wa hoteli nilioogopa kufumba macho: peke yake havina bei. Nyuzi sita zina bei. Nilimwambia kijana kwamba sheria hiyo iliandikwa na watu wasiowahi kuishiwa sukari. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tuzihesabu nyuzi vizuri, Tata."

Mashine yangu ya sukari huhifadhi kila kipimo pamoja na tarehe na saa. Hiyo ndiyo iliyotuokoa, nami sikuwahi kuifikiria kama shahidi. Tulinakili vipimo: 7.8 kabla ya kujidunga, kisha 2.6, na saa zake. Tukaweka kipande cha kadi ya kupandia ndege chenye 31C, karatasi ya tiketi yenye DBML, cheti cha daktari, risiti zote hadi ya teksi. Yule mama mwenye mtoto mchanga alikuwa mzaliwa wa Karatina, na tulikuwa tumepeana namba za simu. Aliandika nusu ukurasa akaapa mbele ya wakili: ni mhudumu aliyenihamisha, na sahani iliyofika 31C ilikuwa na kibandiko. Ile nusu ukurasa ilikuwa nzito kuliko barua zangu zote.

Shirika lilijibu kwamba nilibadili kiti kwa hiari na kujitenga na mkoba wangu. Nakiri kwamba nililia. Tukarudisha majibu pamoja na maelezo ya shahidi, nakala tukaipeleka kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na tukataja siku ambayo tungefungua kesi.

Kilichonichosha zaidi kilitoka nyumbani. Nilikuwa nimetoa ushuhuda kanisani, na mama mmoja ninayemheshimu akanivuta kando baadaye. "Mwalimu, Mungu amekutoa mautini, na wewe bado unataka pesa?" Nilikosa jibu siku hiyo. Nilikuja kulipata nikipalilia, nami nikamfuata kwake kumpa. Mungu nilimshukuru kwa uhai wangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeulinda. Deni la hospitali hakulifanya yeye. Nikilinyamazia, analibeba binti yangu, na mgonjwa mwingine anaambiwa kesho kwamba ameshahudumiwa. Yule mama alinimiminia chai. Hatukukubaliana siku hiyo, lakini hakuniuliza tena.

Novemba wakakubali. Walilipa hospitali, hoteli, miwani, na kiasi kwa ajili ya jeraha, kama theluthi mbili ya tulichodai. Kijana aliona ni haki, nami nikaona inatosha. Kabla ya kutia sahihi nilidai barua inayosema kilichotokea, kwa sababu nilikuwa nimechoka kusoma neno "usumbufu". Ilikuja na sentensi niliyoingoja miezi tisa: abiria alihamishwa na mhudumu wetu, na chakula chake kikapelekwa kwenye kiti cha awali. Hati yao ilinitaka nisizungumzie kamwe jambo hili. Nilikubali kutotaja jina lao, nikakataa kunyamaza, wakaubadilisha mstari huo.

Wiki iliyofuata jirani yangu wa ng'ambo ya kijito alibisha hodi. Ni mzee ambaye tembo walimvunjia ghala na mkono zamani. Alikuwa na mfuko wa nailoni wenye fomu, cheti cha hospitali kilichofifia, na picha mbili.

"Mwalimu, nimesikia walikuandikia barua. Mimi nianzie wapi?"

Nikaondoa vikombe mezani. Tukazitandaza karatasi zake, tukaanza kutafuta tarehe.