Risiti za Mama

Kwa miaka sita niliishi kwa kuandika maombi ya msamaha wa kodi. Nilikuwa katibu wa wafanyabiashara kadhaa wa Moshi mjini waliojenga nyumba za kuuza. Hakuna aliyenilazimisha. Mshahara ulisomesha wanangu, nami nikauona ni baraka.

Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Julai 1, 2015, ilitoza asilimia 18 nyumba mpya inapouzwa kwa mara ya kwanza. Nyumba ya milioni 100 ikawa milioni 118. Wajenzi wengi walilalamika. Shirika la Nyumba la Taifa nalo lilisema hadharani kwamba kodi hiyo inazifanya nyumba kuwa ghali kwa mwananchi wa kawaida, likaomba iondolewe. Kuomba si dhambi. Dhambi yangu ilikuwa katika namna nilivyoomba.

Kila mwaka kabla ya bajeti niliandaa mapendekezo yetu, na kila ukurasa nikamweka mnyonge: mjane, mwalimu wa msingi, mama muuza ndizi wa Mbuyuni. Nilijua hawanunui nyumba zetu. Wanunuzi walikuwa watu wa Dar es Salaam na ndugu zetu walioko nje. Safari moja niliandika kwamba kodi ikiondolewa tutashusha bei, nikataja na kiasi. Mkubwa wangu akasema tusijifunge. Nikaifuta sentensi ile, na usiku nikalala usingizi mzuri.

Desemba moja nikapanda Kibosho kula Krismasi, kama ilivyo desturi yetu. Mama alikuwa anajenga jiko la matofali. Akaleta kopo la mafuta alimotunza risiti, akachomoa moja iliyokwisha kufifia. "Baba, wewe umesoma. Hii ya huku chini ni nini?" Mifuko 10 ya saruji, shilingi 150,000. Chini yake, kodi: 22,881.

Nikamwambia ni ya serikali. Akaikunja taratibu, akairudisha koponi. "Basi ndiyo itakayotuletea bati za shule."

Nilijua anachosema. Katika shule ya kijiji kulikuwa na boma la darasa ambalo wanakijiji walilipandisha kwa michango na kwa mikono yao mpaka kwenye linta, wakaahidiwa na serikali kuezekewa. Lilikuwa na miaka mitatu. Kuta zilishaota kuvu la kijani, na katikati ya darasa mtu alikuwa amefunga mbuzi.

Nilisimama mbele ya boma lile nikapiga hesabu. Nyumba moja tu ya milioni 100 ikisamehewa, hazina inaweza kukosa hadi milioni 18. Kuzifidia zote kwa kodi ya saruji ya watu kama Mama kunahitaji mifuko 7,800 na zaidi. Na msamaha tuliouomba kwa jina lake usingemgusa hata kidogo, kwa kuwa yeye hanunui nyumba, ananunua saruji mfuko mmoja mmoja.

Ningependa kusema niliacha siku ileile. Sikuacha. Ada ilikuwa inadaiwa, nikaandika tena mwaka uliofuata, na mjane wangu nikamweka ukurasa wa kwanza. Safari hii usingizi ulinikimbia. Mwaka uliofuata nilisema sitaandika mpaka tutaje bei itashuka kiasi gani. Nikaambiwa nikabidhi ofisi. Miezi minane tuliishi kwa genge la mke wangu, naye hakunisimanga hata mara moja.

Nilipanda tena kwa Mama nikamweleza yote, pamoja na jinsi nilivyolitumia jina la watu kama yeye. Nilitegemea anilaumu, na ningestahili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanisogezea bakuli la mtori. "Kesho tunabeba kokoto shuleni. Uamke mapema."

Nikaamka. Tangu siku hiyo mimi ndiye ninayeiandikia kamati ya ujenzi ya shule makisio yake, bila malipo.

Ndugu msomaji, pengine nawe una kalamu kama ile yangu, na watoto wanaoitegemea. Sikuhukumu. Nakuomba jambo moja: kabla hujamweka mjane katika ombi la kodi, andika bei itashuka shilingi ngapi, na umtake mkubwa wako atie sahihi chini yake.