Mkunguru

Kiswahili kina neno mkunguru, yaani homa impatayo mgeni kabla mwili wake haujaizoea nchi. Neno hilo limekwisha kutoa hukumu: mkosa ni nchi, kwa hewa yake na maji yake. Waitalia nao walipoiita malaria waliilaumu hewa mbaya.

Mwaka 1856 Mwingereza Richard Burton alichapisha kitabu cha safari yake ya Harar. Humo alieleza kwamba Wasomali walisadiki kuwa kuumwa na mbu ndiko kuletako homa za kuua. Burton aliiita imani potofu. Mbu na homa, alidhani, hushamiri msimu mmoja, ndipo watu wakavifungamanisha. Hoja nzuri hiyo! Mambo mawili kuandamana si ushahidi kuwa moja limelizaa jingine, na hata leo watafiti wa afya huonywa hivyo hivyo. Ila hapo waliopatia ni Wasomali.

Tarehe 7 Novemba 1857 Burton na mwenzake John Speke, waliokwisha kudhoofishwa na homa tangu pwani, waliingia Kazeh, kituo cha Waarabu katika nchi ya Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo. Snay bin Amir aliwapokea kwa ukarimu mkubwa. Burton aliondoka Desemba kuelekea Ujiji akiwa mgonjwa, na Januari miguu ikamfa ganzi, ikabidi abebwe.

Njia ile ya misafara ilifuata maji, na Tabora hadi leo ina mtaa uitwao Chemchem. Basi yalipotuama maji palikuwa na harufu ya matope, ukungu wa alfajiri, mbu, na homa. Yote yalionekana pamoja. Kwa macho matupu nani angemjua mwenye hatia? Aliyeiogopa hewa ya usiku akafunga madirisha magharibi, huenda alisalimika, akazidi kuisadiki hofu yake. Kumbe aliyefungiwa nje ni mbu. Burton alimtilia shaka mbu kwa kuwa huandamana na homa tu. Hewa nayo iliandamana nayo vivyo hivyo, lakini hiyo hakuitilia shaka.

Alifariki mwaka 1890. Miaka saba baadaye, tarehe 20 Agosti 1897, Ronald Ross aliwaona vijidudu vya malaria tumboni mwa mbu aliyemnyonya mgonjwa, huko Secunderabad, Uhindi. Bado hewa ilikuwa na watetezi wake. Kiangazi cha mwaka 1900 madaktari Louis Sambon na George Low walihamia katika nyanda za homa karibu na Roma, wakakaa kibandani tangu jua kuchwa hadi kuchomoza. Madirisha yaliachwa wazi, yamezibwa kwa wavu tu, nao wakaivuta usiku kucha hewa ile ile iliyolaumiwa kwa karne nyingi. Hawakuugua.