Somo Hakunifunza Kusafisha Vali



Kabla sijaolewa, somo yangu alinikalisha ndani siku saba. Alinifunza kufukiza udi, kutunga asumini na kutunza siri za nyumba. Kusafisha vali ya ekzosi hakunifunza, wala simlaumu. Nani Unguja kaiona pikipiki ya theluji?

Nimeolewa Iqaluit, kaskazini ya Kanada. Nako ni kisiwani, kisiwa cha Baffin, ila bahari yake huganda. Hakuna barabara ya kutoka hapa kwenda mji mwingine, kwa hiyo wakati wa baridi watu hupanda pikipiki ya theluji. Msikiti tunao tangu 2016, alhamdulillah.

Mwezi wa pili wa ndoa yetu niliona doa la oili kwenye theluji, chini ya pikipiki ya mume wangu. Nikamuuliza.

"La zamani hilo, mke wangu."

Lakini nilishamsikia akilalamika kuwa mashine inaondoka vizuri, akiikazia mafuta haikolei mwendo. Na Jumamosi alikuwa anakwenda kuvua, safari ya saa mbili juu ya barafu, kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Kule mashine ikizima, si kusukuma hadi kwa fundi.

Mimi ni mtoto wa mvuvi wa Nungwi. Nimekua nikimuona Baba akichanganya oili na petroli ya mashine ya boti. Injini ya namna hiyo haiweki oili ndani ikazunguka, inaiunguza pamoja na petroli. Hii ya theluji ina tangi lake la oili na pampu yake. Oili isipofika, pistoni inang'ang'ania silinda, safari imekwisha.

Alhamisi baada ya isha nikamuwekea chai ya tangawizi, nikamwambia, "Naomba tuitazame pamoja."

Tuliifuta mashine yote ikawa kavu, tukatandika kadibodi chini, tukalala. Asubuhi kadibodi ilitujibu: tone lilikuwa chini ya mpira unaotoka kwenye tangi kwenda kwenye pampu. Mpira ulikuwa umekakamaa, umepasuka penye klipu. Tukatia mpira mpya na klipu mpya, kisha tukatoa hewa kwenye njia ya oili. Hatua hiyo msiisahau, maana pampu ikivuta hewa, injini inakauka na tangi limejaa. Kwa tahadhari tukachanganya oili kidogo kwenye petroli, kama Baba.

Ijumaa baada ya sala tukafungua vali, injini ikiwa baridi. Ni kibati kama kijilango kwenye mdomo wa kutolea moshi, kimoja kwa kila silinda. Injini ikienda polepole kinashuka, ikienda kasi mgandamizo wa moshi unajaza kifuko cha mpira na kukinyanyua. Kifuko kikitoboka, au masizi yakikigandisha kibati, hakifunguki, na nguvu hupati. Kifuniko tulikitoa taratibu kwa sababu kina springi. Vifuko vyetu vilikuwa vizima, lakini kibati kimoja kilikuwa kimeshikwa na masizi kama sufuria ya pilau iliyoungua. Tulikirowesha, tukakisugua bila kisu kisichubuke, mpaka kikateleza kwa kidole. Tukakirudisha upande ule ule kilivyokuwa.

Mikono yangu ilikuwa na hina na masizi. Akaitazama, akasema polepole, "Pesa ya fundi niliitia kwenye harusi."

Nilinyamaza. Nilikumbuka ukumbi, na seti ya dhahabu niliyoishikilia mimi. Kumbe alikuwa tayari kupanda mashine mbovu kuliko kuniambia kuwa hana.

Jumamosi alikwenda, akarudi na samaki wawili. Sikukaa dirishani siku nzima, ingawa dua sikuacha. Mtume (SAW) alimwambia mtu amfunge ngamia kwanza, kisha amtegemee Allah. Sisi ngamia wetu tulikuwa tumemfunga.

Bibi harusi mwenzangu, mahari na ukumbi mtavizungumza sana. Muulize pia, kwa upole, nini amekiacha bila kukitengeneza ili akuoe wewe. Mimi nilichelewa kuuliza miezi miwili.

Ile seti bado ninayo. Siku hizi tunaizungumza.