Mrejelewa au Mdhamini?

Kila mwanafunzi wa mwaka wa nne anayeandaa wasifukazi hufika mwisho wa ukurasa akakumbana na kichwa kidogo: "Warejelewa". Elimu ameijaza, tajriba ameieleza, uraibu ameutaja. Hapo ndipo kalamu yangu ilipokwama kwa siku kadhaa. Mimi natoka katika aila isiyojuana na wakubwa. Baba, kwa nia njema, alinishauri niandike jina la mwanasiasa mmoja wa kwetu ambaye hata sura yangu haijui. Kwake, jina zito halikosi kufungua mlango.

Nilikimbilia sarufi, kimbilio letu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Mrejelewa ni nomino itokanayo na kitenzi katika kauli ya kutendwa: yeye hatendi, hutendewa. Lakini wapo wanaoandika "Wadhamini", na neno hili latokana na kauli ya kutenda. Mahakamani, mdhamini huweka dhamana ili mshtakiwa aachiliwe. Mshtakiwa akitoroka, mali ya mdhamini huwa hatarini. Ndivyo ilivyo katika kuomba kazi, ila kinachowekwa rehani si shamba wala gari, bali ni jina. Je, nina haki gani ya kuliweka rehani jina la mtu bila idhini yake?

Sheria nayo yatufunza. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi, mradi awe amefanya kazi kwa muda usiopungua majuma manne mfululizo. Hata hivyo, kifungu hichohicho chasema kwamba hakuna mwajiri anayelazimika kutoa ushuhuda kuhusu tabia au utendakazi wake. Kwa hivyo, cheti ni haki. Sifa ni hisani. Na hisani huombwa, hainyakuliwi.

Basi nilimwendea mwalimu aliyenilea shuleni wakati wa mazoezi ya kufundisha. Yeye aliketi nyuma ya darasa langu mara nyingi na kuyakagua maandalizi yangu ya somo. Nilimweleza kazi niliyoiomba, nikamkabidhi nakala ya tangazo na ya wasifukazi wangu, nikamtajia siku ya mwisho ya maombi. Kisha nikamwuliza iwapo angeweza kunisemea vyema, huku nikimwachia nafasi ya kukataa. Alikubali, lakini akaniambia waziwazi, "Wakiniuliza udhaifu wako, sitauficha." Sikuudhika. Ushuhuda usiokuwa na doa hata moja hutiliwa shaka.

Baba aliuliza mwalimu huyo ana cheo gani. Nilimjibu kwamba ananijua, na wahenga walishanena kuwa asiyekujua hakuthamini.

Sisi vijana twalalamika, na kwa haki, kwamba kujuana kumewafungia wengi milango ya ajira. Lakini anayeliandika jina la mkubwa asiyemfahamu anagonga mlango uleule anaoulaani. Heri shahidi wa kazi yako, japo hana cheo, kuliko mkubwa atakayepigiwa simu na kuuliza, "Huyo ni nani?"

Aidha, tupate kazi tusipate, tuwarudie wadhamini wetu, tuwaarifu na kuwashukuru. Kwa muda fulani majina yao yalikuwa mikononi mwetu.