Kutoka Hale Mpaka Mazingara: Akiba ya Umeme Nyumbani

Ukitaka kuijua habari ya umeme katika mkoa wa Tanga, anzia safari yako Hale, wilaya ya Korogwe. Hapo maji ya mto Pangani huzungusha mitambo. Kituo cha Hale kilifunguliwa mwaka 1964, kikiwa na nguvu ya megawati 21. Mto ule ule ulitiwa kazini tena huko chini, Pangani Falls, kwa kituo kipya cha megawati 68 kilichofunguliwa mwaka 1995. Juu ya mashamba ya mkonge utaona nyaya nene zikienda zake mbali.

Sasa fuata barabara mpaka Segera, kisha ugeuke kusini kwa njia kuu iendayo Chalinze. Utapita Kabuku, utafika Mkata. Umekwisha ingia Handeni, nchi ya Wazigua, nchi ya mahindi na jua kali. Mazingara ni kata mojawapo ya wilaya hii.

Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, umevuta nyaya katika vijiji vingi. Lakini nguzo hupita hapa, na nyumba iko kule ng'ambo ya shamba. Hata aliyekwisha vutiwa waya hukaa gizani upepo ukiangusha nguzo. Ndiyo sababu juu ya bati huwekwa paneli ya sola, na chini ya meza huwekwa betri.

Betri ni ghala. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba hii huoza, tena upesi, isipotunzwa.

Betri ya maji ilibuniwa na Gaston Planté wa Ufaransa mwaka 1859. Ndani yake mna sahani za risasi zilizolowa tindikali. Vyumba vyake ni sita, kila kimoja chapata volti 2, jumla volti 12. Ikijaa na kupumzishwa, kipimo huonyesha kama 12.7, ikifika nusu, kama 12.2. Usiishushe chini ya hapo. Betri iachwayo tupu siku nyingi huota ukoko mgumu juu ya sahani, na ukoko ule haupokei tena umeme.

Mkulima wa Handeni anajua jambo hili bila kufundishwa: mwenye busara hali mbegu. Basi nusu ya betri ni mbegu.

Tufanye hesabu. Betri ya volti 12 na ampea 50 kwa saa ina akiba ya wati 600 kwa saa. Nusu yake ni 300. Taa tatu za wati 5 kwa saa tano zitakula 75. Simu nne, kila moja 15, zitakula 60. Redio ya wati 5 kwa saa nane itakula 40. Jumla ni 175. Mbegu imebaki salama. Paneli ya wati 50, ikipata saa tano za jua kali, yaweza kuzirudisha. Lakini ukiongeza televisheni usiku kucha, hesabu imevunjika.

Tena, usinunue betri ya gari kwa kazi ya nyumba. Hiyo imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa dakika chache tu, kuwasha injini. Ukiikamua kila usiku itakufa mapema. Yenye vizibo iongezwe maji ya betri yasiyo na chumvi, si ya kisimani. Iwekwe penye hewa, mbali na moto, maana wakati wa kuchajiwa hutoa gesi iwezayo kulipuka.

Betri za lithiamu, zilizo ndani ya simu zetu, ziliwapatia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Ziko kubwa za nyumbani pia: hudumu zaidi, lakini bei yake ni juu, na zataka chaja yake maalumu.

Limebaki jambo kubwa kuliko yote: betri ikifa. Risasi ni sumu. Ikiingia katika damu ya mtoto hudumaza akili yake, na hasara hiyo haina dawa ya kuirudisha. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kiliyeyusha betri chakavu katikati ya makazi ya watu, mpaka kikafungwa mwaka 2014. Mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi pale, Phyllis Omido, mwanawe aliugua, damu yake ikakutwa na risasi. Akapigania haki, akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Basi, ndugu msomaji, usivunje betri uani, usimwage tindikali yake, usiyeyushe risasi katika sufuria, wala watoto wasiichezee. Ipeleke nzima kwa muuzaji apokeaye betri chakavu. Na siku ya kununua nyingine, muulize mambo mawili: itabeba mzigo gani, na ikifa ataipokea?